Taa iliwaka, ila sikuonekana

Konda ndo alishuka wa kwanza, dereva mwenyewe alibaki kashikilia usukani kama kagandishiwa pale. Ilikuwa mvua ya masika, saa moja na nusu usiku, Kimara, nimeshapunguza mwendo nikate kushoto niingie mtaani kwetu, na ile Costa ikasimama ikiwa imeshagusa kibao cha namba cha pikipiki yangu. Kugusa tu, kibao kikakunjika kidogo, mimi sikuanguka. Ila moyo ulienda mpaka Kibaha ukarudi.

Konda akaniambia, "Kaka sisi tumeona koti tu, taa hamna."

Sa mimi nikataka kuwaka, si unajua ukishaponea chupuchupu unakuwa na hasira za ajabu, nikamvuta nikamwambia njoo uone hii hapa taa, inawaka, na indiketa nilikuwa nimewasha. Tukaangalia wote wawili. Kweli inawaka. Nikabonyeza breki, taa ya breki nayo inawaka. Konda akaitazama akasema tena, taratibu kabisa, "Inawaka, ila haionekani." Akapanda gari wakaondoka, na nikabaki pale na mvua yangu nikigundua jamaa ana pointi.

Nimetumia wiki kama tano hivi kuhangaika na hio sentensi, nimeunguza balbu, nimegombana na fundi, nimefanya indiketa zangu ziwake kama ambulensi, na mwisho nimefika mahali ambapo nikiwa barabarani usiku sina wasiwasi sana na mgongo wangu. Naandika hapa kwa sababu wengi wetu pikipiki tunaziangalia kwa mbele, taa kubwa ndo tunaijali, nyuma hata hatujui pakoje maana nani anajifuata mwenyewe?

Kitu cha kwanza nilichofanya ni cha bure kabisa. Nilifungua kava la taa ya nyuma, zile skrubu mbili. Ndani kulikuwa na vumbi la Dar lote, pamoja na tope lililokauka, mdudu mmoja marehemu, na ile sehemu ya kung'aa kama kioo nyuma ya balbu imeshababuka imekuwa rangi ya majivu. Plastiki nyekundu yenyewe imepauka kwa jua. Nikaiosha kwa maji na sabuni ya unga, nikafuta ile sehemu ya kung'aa kwa kitambaa laini, na kwa kuosha tu tofauti ilionekana.

Halafu nikapima umeme. Nina mita ndogo ya bei ya chini, na kama huna nakushauri utafute kabla hujanunua taa yoyote ile. Pikipiki ikiwa inaunguruma, kwenye betri nikapata volti 14 na kidogo. Kwenye holda ya balbu, upande wa breki, nikapata 12 na kitu. Karibu volti 2 zimepotelea njiani! Sababu ilikuwa waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, uliofungwa kwenye chesisi kwa bolti iliyokula kutu. Watu wengi hawajui kwamba balbu ya nyuzi, zile za kawaida, haipungui mwanga sawasawa na volti, inapungua vibaya zaidi, ukipoteza asilimia 10 ya volti unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Sa mimi nilikuwa napoteza zaidi ya hapo. Nikapiga msasa ile bolti mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi kidogo nikakaza. Gharama, hakuna.

Kuna jambo lingine ambalo nililijua siku nyingi ila sikuwahi kulitilia maanani. Pikipiki yangu, kama nyingi ndogo tunazoendesha, taa kubwa na taa ya nyuma hazichukui umeme kwenye betri, zinachukua moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneto, ile mashine ndogo ya kuzalisha umeme ndani ya injini, umeme wa AC, yaani unaogeuka geuka mwelekeo. Ndo maana ukivuta mafuta taa inang'aa, ukiachia injini ikabaki silensa, inaunguruma taratibu tu, taa inafifia. Hebu fikiria maana yake: ukiwa umesimama kwenye foleni, au unapunguza mwendo, yaani pale pale ambapo aliye nyuma anahitaji akuone kuliko wakati wowote, ndo taa yako ya nyuma inakuwa hafifu kuliko wakati wowote. Na ndo nilichokuwa nafanya mbele ya ile Costa. Indiketa na breki zenyewe kwangu zinatoka kwenye betri, hizo hazififii.

Baada ya hapo nikaenda Kariakoo kununua balbu za LED, na hapa ndo nilianza kukosea.

Balbu ya taa ya nyuma kwa kawaida ni ile yenye nyuzi mbili, imeandikwa 12V 21/5W. Uzi wa wati 5 ni wa taa ya kutembea, ile inayowaka muda wote, ule wa 21 ni wa breki. Miguu yake miwili pembeni haiko usawa mmoja, mmoja uko juu kidogo, ili usiiweke kinyume. Nimeshaona mafundi wanailazimisha kwa koleo mpaka inaingia kinyume, matokeo yake breki ndo inawaka muda wote na ukibonyeza breki taa inapungua. Hii siyo utani, kawaangalie bodaboda kumi kituoni kwenu utampata mmoja.

Muuza duka akanipa balbu ya LED nyeupe, buku tatu, akasema hii ni moto, utaonekana mpaka Chalinze. Nikafunga. Nyekundu ikageuka kama pinki hivi, na haikuwa moto kihivyo. Nilikuja kuelewa baadaye: plastiki nyekundu inazuia kila rangi isipokuwa nyekundu, na LED nyeupe ina nyekundu kidogo sana ndani yake, kwa hio mwanga mwingi unaishia kwenye plastiki. Ukiwa na kava jekundu nunua LED nyekundu, kava la njano la indiketa nunua LED ya njano. Rahisi, ila hakuna dukani aliyeniambia.

Nikarudi nikachukua nyekundu. Hapo ikawa na mwanga kweli, mpaka nikatabasamu. Nikamwambia kijana wangu mdogo asimame nyuma, nikamuuliza sa hivi nimebonyeza breki au sijabonyeza? Akasema umebonyeza. Sijabonyeza. Nikabonyeza nikamuuliza tena, akasema sijui, baba.

Nadhani hapo ndo nilielewa kitu muhimu kuliko vyote kwenye hii habari. Balbu ya nyuzi ya 21/5, ile ya kizamani tunayoidharau, uzi wa kutembea unatoa lumeni 35 (lumeni ni kipimo cha mwanga) na ule wa breki unatoa 440, hivyo ndo viwango vyake kwa kanuni. Yaani breki ni mara 12 na zaidi ya taa ya kutembea. Huo mruko ndo unaomshtua dereva. Hizi LED za buku tatu zinakupa taa ya kutembea kali sana halafu breki inaongezeka kidogo tu, kwa hio unakuwa na taa kali ambayo haisemi chochote, wewe unajiona unang'aa kama harusi, aliye nyuma anaona pikipiki ambayo imebonyeza breki toka Ubungo mpaka Mbezi. Akishazoea hio nyekundu yako, siku unasimama kweli hana habari.

Nisiiponde sana LED maana ina faida yake moja kubwa kwenye breki. Balbu ya nyuzi inahitaji muda kupata moto, kama sehemu mbili za kumi za sekunde, LED inawaka hapo hapo. Unaweza kusema hio ni nini sasa. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakula mita karibu 14 kila sekunde, kwa hio hizo sehemu mbili ni karibu mita 3, zaidi kidogo ya urefu wa bajaji. Mimi ile Costa iliacha nafasi ya sifuri, ningeipenda sana hio bajaji moja.

Kwa hio suluhisho siyo kuitupa LED, ni kuipunguza taa ya kutembea. Nikanunua rezista, kidude cha kupunguza umeme, kwa fundi redio, nikaiweka kwenye waya wa kutembea peke yake, siyo wa breki, nikajaribu tatu nne tofauti mpaka nikapata ile ambayo taa ya kutembea inaonekana vizuri kwa mbali ila ukibonyeza breki mtu anasema "eeh!" Na ule waya wa taa ya nyuma nikautoa kwenye AC nikauhamishia kwenye laini ya betri inayopitia swichi ya funguo, maana LED kwenye AC ilikuwa inatetemeka ikiwa silensa kama tyubu laiti ya kituo cha zamani. LED inakula umeme mdogo sana, betri haihisi. Taa kubwa ya mbele nimeiacha huko huko kwenye magneto, hio ukiihamishia betri bila kubadili mambo mengine utakuwa unasukuma pikipiki asubuhi.

Sasa indiketa, hapa nicheke kwanza.

Nilibadilisha zote nne kuwa LED za njano. Nikawasha kushoto. Zikawaka zote nne, kwa fujo, chapchapchap, jirani yangu mwenye bajaji akatoka nje akauliza nimenunua gari la wagonjwa au vipi. Hapo kuna matatizo mawili tofauti na fundi wangu alikuwa anayachanganya, ndo tukagombana.

La kwanza ni ile kasi. Flasha, kile kidude kinachofanya indiketa ipige, ile ya kawaida inategemea mzigo wa balbu ili ihesabu vizuri, ikiona umeme unaopita ni kidogo inadhani balbu imeungua ndo inapiga haraka kukuambia. LED inakula kidogo, kwa hio flasha inachanganyikiwa. Fundi akataka kuniwekea rezista kubwa kila upande za kudanganya mzigo. Zinafanya kazi, ila zinachemka, na ukizifunga karibu na plastiki ya mkia utakuja kunusa harufu. Mimi nikanunua flasha ya elektroniki isiyojali mzigo, buku tano, miguu miwili kama ile ya zamani, ukichomeka imeisha. Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za pikipiki zinataka indiketa ipige kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, nimehesabu yangu kwa saa ya simu, inapiga 84.

La pili, zote nne kuwaka pamoja, ni kwa sababu ya ka-taa kadogo ka indiketa kwenye dashibodi. Kwenye pikipiki nyingi kako kamoja tu kwa kushoto na kulia, na kamefungwa katikati ya nyaya hizo mbili. Ukiwasha kushoto umeme unapita kwenye ka-balbu unaenda kutafuta ethi kupitia balbu za kulia. Balbu za nyuzi haziwezi kuwaka kwa umeme mdogo hivyo, kwa hio huoni kitu. LED zinawaka, huo umeme mdogo unazitosha. Dawa yake ni daiodi mbili, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, 1N4007, hata mafundi redio wa Kariakoo wanazo kwenye kopo, moja kutoka kushoto moja kutoka kulia, zikutane kwenye ka-balbu, upande wa pili wa ka-balbu uende ethi. Basi. Fundi aliniambia haiwezekani, nikafanya mwenyewe sebuleni kwa chuma cha kulehemu, risasi na subira, wife akilalamika moshi.

Hapa ningeweza kuishia ila mimi siyo mtu wa kuishia. Nilikuwa nimeona video za pikipiki kubwa za Marekani, zile Harley-Davidson, indiketa za nyuma ni nyekundu na zinafanya kazi tatu, zinawaka hafifu muda wote, zinang'aa ukifunga breki, zinapiga ukikata kona. Marekani sheria inaruhusu indiketa ya nyuma iwe nyekundu au njano. Zile kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya zinataka njano tu, na taa ya kutembea ya nyuma iwe nyekundu. Nikaona kwetu, ambako magari mengi tuliyozoea yana indiketa za njano nyuma, kupiga nyekundu juu ya nyekundu ni kumpa mtu fumbo wakati ana abiria thelathini na sita na konda anadai chenji. Nikaacha indiketa njano na zisiwake muda wote, nikaongeza taa mbili ndogo za mstari za LED nyekundu, nikazifunga kwenye keria kushoto na kulia, zenye waya tatu, ethi, kutembea na breki. Ila nilizibandika karibu sana na indiketa na usiku njano ikawa inamezwa na nyekundu, ikabidi nizisogeze ndani kama shubiri moja hivi.

Jirani wa bajaji akakubali anifuate usiku, tukatoka mpaka Mbezi tukarudi, kwa malipo ya chipsi mayai. Tuliporudi nikamuuliza vipi. Akasema, "Mwanangu taa zako nzuri, ila kuna muda nimekuacha mbali kidogo nikaona kama ni gari liko kuleee."

Hio sikuitegemea kabisa, na nilivyoipigia hesabu nikatoka jasho. Taa zangu mbili za pembeni zimeachana kwa sentimita 40 hivi. Za gari zimeachana kwa kama mita 1 na kitu, mara tatu yake. Jicho la dereva usiku haliangalii pikipiki, linaona nukta mbili nyekundu na limezoea kwamba nukta mbili ni gari, kwa hio pikipiki iliyo mita 30 inafanana na gari lililo mita 90. Anakuja na mwendo wake akijua ana nafasi. Na taa moja peke yake nayo ina ubaya wake, nukta moja gizani huwezi kujua iko karibu au mbali mpaka uikute.

Kwa hio nikazipunguza zile mbili za pembeni ziwe hafifu kuliko ya katikati, na nikaongeza nyingine juu, kwenye mgongo wa boksi langu la mizigo, usawa wa mabega. Inakuwa pembetatu. Gari nazo zina taa ya tatu ya juu ila hio inawaka kwenye breki tu, pembetatu inayotembea muda wote haifanani na gari. Jirani akanifuata tena, chipsi mayai tena, safari hii akasema "sa hivi naona kabisa huyu ni mtu kapanda kitu."

Kwenye boksi nimebandika pia zile tepu nyekundu za kuakisi mwanga, wima kwenye kona zote mbili. Hazili umeme, haziungui, na betri ikifa katikati ya daraja la Kigamboni bado zinafanya kazi.

Mambo madogo madogo nisisahau. Maungio yote ya waya nimelehemu na kuvalisha mirija ya plastiki inayobana kwa joto, zile tepu nyeusi kwa joto la Dar gundi inayeyuka baada ya miezi miwili inabaki uji. Plagi zote zielekee chini maji yasitulie. Fyuzi ndogo ya ampia 2 kwa taa hizi za nyongeza peke yake, ili zikipiga shoti zife zenyewe zisiue indiketa na breki. Angalia ile springi ya swichi ya breki ya mguu, ikilegea au ikikazwa kupita kiasi kazi yako yote ni bure, na kama una tabia ya kupumzisha mguu kwenye pedeli, acha. Na bodaboda wenzangu, abiria mama akipanda angalia khanga yake imedondokea wapi, nimeshamfuata mtu kutoka Mwenge mpaka Makumbusho taa yake ya nyuma yote iko ndani ya khanga, inaonekana mwanga wa maua maua. Gunia la mkaa ndo usiseme.

Yote kwa pamoja nimetumia kama elfu 40 ukitoa balbu nilizoharibu, ukiziweka inafika 50, chipsi mayai sijahesabu.

Bado indiketa ya nyuma kulia inaingiza maji kidogo, nimeizungushia silikoni mara mbili inavuja bado, nafikiri plastiki ina ufa nisiouona. Na jana shemeji kaleta pikipiki yake, anataka na yeye afanyiwe. Kashanunua taa kabisa, ya bluu, inapiga mapigo kama ya polisi, anasema hio ndo inaonekana. Nimemwambia Jumamosi tunaenda wote Kariakoo, kwanza tukairudishe.